Kabla ya kuuliza PS au kompyuta, uliza breki

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie gemu za mbio za magari, zile zinazojitahidi kuigiza gari la kweli. Kila inapotoka mpya, ubishi ni ule ule vijiweni na kwenye vibanda vya gemu: PS5, Xbox au kompyuta? Wabishi huoneshana video kwenye simu, nani ana bodi linalong'aa zaidi, kwa nani matone ya mvua yanateleza vizuri kwenye kioo. Ubishi huo hauishi kwa sababu umeshika mkia ukaacha kichwa. Gari huendeshwa kwa mikono, mguu na makalio, na kwa kuwa gemu haiwezi kukurusha makalio, imebaki mikono na mguu. Anayelinganisha mashine aanze na kile ambacho mikono inapokea na kile ambacho mguu unatuma. Picha ije nyuma.

Gemu ya aina hii hufanya kazi mbili kwa mpigo: inakokotoa gari, halafu inachora picha. Assetto Corsa Competizione ya Kunos Simulazioni wa Italia hukokotoa matairi, springi na shokapu mara 400 kwa sekunde. Forza Motorsport ya mwaka 2023 hufanya hivyo mara 360. Picha zenyewe ni 60 kwa sekunde, na kwenye mashine dhaifu ni 30. Competizione ilipofika PS4 na Xbox One mwaka 2020 ilichora picha 30. PS5 na Xbox Series X zikaipandisha hadi 60 mwaka 2022. Gari ni lile lile, ila picha moja kati ya 30 hukaa machoni milisekunde 33, na kwa mwendo wa kilometa 200 kwa saa gari linakuwa limekwenda karibu mita mbili kabla picha haijabadilika. Hapo ndipo PS4 inaposhindwa na PS5, wala si kwenye mng'ao.

Ubora huo wote unaweza kupotea kwenye runinga. Runinga nyingi, zikiachwa zilivyotoka dukani, huipitisha picha kwenye urembo wake wa rangi na ulaini kabla ya kuionesha, na urembo huo unaweza kula milisekunde 100 au zaidi. Kwa mwendo ule ule wa kilometa 200, hizo ni mita tano na nusu. Mtu anakanyaga breki penye kibao cha mita 100, gari linaanza kushika breki kwenye 94, anajikuta kwenye mchanga, anailaumu konsoli, yaani mashine yake ya gemu. Ingia kwenye menyu ya runinga, tafuta chaguo la picha lililoandikwa Game, liwashe kwenye tundu lile lile la HDMI ulilochomeka mashine, maana runinga nyingi huhifadhi chaguo hilo kwa kila tundu peke yake. Kazi ya dakika mbili, bure, na faida yake yaweza kuzidi ile ya kununua konsoli mpya.

Sasa gemu zenyewe. Gran Turismo 7 ya Polyphony Digital ya Japani ilitoka Machi 2022 kwa PS4 na PS5. Tangu ile ya kwanza ya mwaka 1997, Gran Turismo haijawahi kutoka kwa kompyuta. Kwa anayecheza kwa padi, bila usukani, hii ndiyo bora kuliko zote, na sababu ni padi ya PS5: kitufe cha breki hukaza na kutetema matairi yanapokaribia kujifunga, kidole kikahisi mkazo ambao padi nyingi hazitoi. Kasoro yake kubwa kwetu ni kwamba sehemu kubwa ya gemu haichezeki bila intaneti, hata kama unakimbia peke yako dhidi ya magari ya kompyuta. Machi hiyo hiyo ya 2022 sasisho moja liliifungia gemu nje kwa zaidi ya siku nzima, duniani kote. Mwenye bando la wasiwasi alijue hilo kabla hajalipa.

Forza Motorsport iko Xbox na Windows. Ni gemu nzuri kwa padi na ya wastani kwa usukani, na sina mengi ya kuiongezea, ila moja: leseni za magari na viwanja zina mwisho. Forza Motorsport 7 ilitoka Oktoba 2017 na kufikia Septemba 2021 ilikwisha ondolewa dukani. Aliyekwisha inunua aliendelea kuicheza, aliyechelewa akabaki na diski za mitumba.

Competizione iko kila mahali, na ndiyo inayoonesha waziwazi maana ya uhalisia. Kijana anaichukulia kama gemu ya kawaida, anatoka na gari la GT3, daraja la magari ya mashindano yaliyotokana na yale ya barabarani, likiwa limepangwa na gemu, linamteleza kila kona, anasema gemu mbovu. Tatizo ni upepo wa matairi. Tangu toleo la 1.9, tairi la GT3 la barabara kavu linataka upepo wa psi 26 hadi 27 likiwa limepata moto. Unachoandika kwenye karakana ya gemu ni upepo wa tairi baridi. Toka, zunguka mara tatu kwa mwendo wa kweli, soma namba za tairi zote nne, rudi, ongeza au punguza tofauti iliyopo. Tairi la kushoto mbele likisoma 27.6, punguza 0.9 ya baridi, usipunguze zote nne kwa pamoja. Na hali ya hewa ikipanda kwa digrii moja, upepo hupanda kwa takriban psi 0.1, kwa hiyo mpangilio wa asubuhi yenye digrii 18 hautafaa mchana wenye 28. Hesabu hiyo ni moja kwenye PS5, Xbox na kompyuta.

Assetto Corsa ya kwanza, ya mwaka 2014, ni habari nyingine. Kwenye konsoli ni gemu iliyofungwa: magari na viwanja ni vile ulivyouziwa. Kwenye kompyuta ni uwanja wazi, watu wameongeza magari na barabara kwa maelfu, na kompyuta ya miaka kumi iliyopita yenye kadi ya picha ya kawaida inaiendesha bila kuhema. iRacing, gemu ya kushindana mtandaoni iliyoanza 2008, ni ya Windows tu, hulipiwa kwa mwezi, na magari na viwanja vingi hununuliwa kimoja kimoja juu ya ada hiyo. Viwanja vyake vimepimwa kwa leza, ushindani wake ni mkali, na nidhamu yake ni ya kijeshi: kutoka nje ya njia ni pointi 1 ya kosa, kupoteza udhibiti wa gari ni 2, kugongana kwa nguvu ni 4, na wote wawili waliogongana wanaandikiwa bila kujali nani mkosaji. Nitaeleza baadaye kwa nini sheria hiyo inatuumiza sisi zaidi ya wengine.

Penye mzozo wa kweli kati ya konsoli na kompyuta ni kwenye usukani. PlayStation na Xbox kila moja ina kufuli lake la kielektroniki, na usukani usio na ufunguo wake hautambuliki. Logitech G29 ni ya PlayStation na kompyuta. G920, inayofanana nayo kama pacha, ni ya Xbox na kompyuta. Thrustmaster T300RS ni PlayStation, ndugu yake TX ni Xbox. Moza R5 ni ya kompyuta pekee. Kwa Fanatec, kampuni nyingine ya usukani, ruhusa ya PlayStation imo kwenye mota na ruhusa ya Xbox imo kwenye duara la usukani, kwa hiyo mota moja yaweza kukaa pande zote mbili ukibadilisha duara. Hili huwatoa watu machozi kwenye biashara ya mitumba: anauziwa G920 safi kwa bei ya huruma, anafika nyumbani, PS5 haiioni. Kuna vidude vya kuchomeka katikati vinavyodanganya kufuli, lakini sasisho moja la konsoli linaweza kuvizima. Ombi langu kwa wenye maduka, Mhariri, ni waandike kwenye kibandiko cha bei konsoli ambayo usukani unaikubali. Wino wa mstari mmoja.

Kompyuta haina kufuli hilo. Zaidi ya hapo, inakubali vifaa vingi kwa wakati mmoja: usukani wa kampuni hii, pedali za ile, breki ya mkono ya kuchomelewa mtaani. Konsoli kwa kawaida inataka kila kitu kipitie kwenye usukani mmoja wa jamii moja. Mwenye konsoli akitaka pedali bora, ananunua zile tu zinazoingia kwenye tundu la usukani wake.

Na pedali ndiyo roho ya jambo. Mguu wa dereva haukumbuki pedali imeshuka sentimeta ngapi, unakumbuka umeisukuma kwa nguvu kiasi gani. Pedali za bei ya chini hupima mshuko. Zile zenye sensa ya uzito, kama Thrustmaster T-LCM au breki ya Fanatec yenye sensa hiyo, hupima nguvu. Mtu mwenye usukani dhaifu na breki ya nguvu atamshinda mwenye usukani wa mota kubwa na breki ya mshuko, kwa sababu muda mwingi hupotea kwenye kuingia kona, pale unapoachia breki kidogo kidogo huku ukigeuza. Kama fedha inatosha kitu kimoja, iwe breki.

Wengi watabaki na pedali za G29 au G920, basi wazijue. Ndani ya springi ya breki kuna kipande cha mpira kilichowekwa ili pedali iwe ngumu kuelekea mwisho. Mpira huo ni mgumu mno, na kwenye kiti cha kawaida hufiki asilimia 100 bila kusimama juu yake. Kwenye kompyuta gemu nyingi hukuruhusu kusema kwamba asilimia 80 ya mshuko ihesabiwe kuwa breki nzima. Wengine huutoa mpira na kuweka springi ya pili. Kasoro ya pili ni vumbi. Kila pedali huzungusha kipimo kidogo kwa meno ya plastiki, na kipimo hicho kikiingia vumbi au unyevu wa chumvi wa pwani huanza kusema uongo: gari linapunguza mafuta lenyewe, au breki inajishika kidogo kwenye mstari ulionyooka. Chomeka kwenye kompyuta yenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, fungua usukani wako, kanyaga pedali taratibu uangalie mstari. Ukipanda bila kuruka, pedali ni nzima. Ukitetemeka kama sindano ya redio, chomoa, fungua skrubu za chini, puliza dawa ya kusafishia miguso ya umeme kwenye kipimo, kanyaga mara 30, acha ikauke kabla ya kufunga. Usitumie mafuta ya cherehani. Yatalainisha leo na kukusanya vumbi kesho.

Kuna na kiti. Viti vya ofisi vina magurudumu, na ukikanyaga breki ya kweli kiti kinarudi nyuma, mguu unapoteza kipimo. Viatu vya zamani vikiwekwa chini ya magurudumu vinatosha. Mkanda wa begi ukiunganisha mguu wa kiti na pedali ni bora zaidi, maana nguvu unayosukumia inarudi kukushikia kiti. Sakafu zetu ni za vigae, na meno ya kushikia zulia yaliyo chini ya pedali hizi hayana kazi hapo. Egemeza pedali kwenye ukuta, au zifunge kwenye ubao wenye mpira wa tairi chini yake.

Upande wa mikono, G29 na wenzake hutoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita mbili na kidogo. Fanatec CSL DD huanzia 5, Moza R9 ni 9, Logitech G Pro ni 11. Kosa la kawaida la mwenye usukani mdogo ni kupandisha nguvu ya gemu hadi asilimia 100 akidhani atapata zaidi. Anapata pungufu. Kona ya kasi ikitaka nguvu kuliko mota inayo, mota inabaki juu kileleni bila kushuka, na ile dalili ndogo ya tairi la mbele kuanza kuteleza inazama humo. Kwenye Competizione kuna kistari cha nguvu ya usukani kando ya vile vya pedali: kikigonga mwisho kona nzima, punguza kwa asilimia tano tano hadi kiguse mwisho kwa nukta tu kwenye kona kali kabisa. Kwa G29 hilo hutokea mara nyingi kati ya 70 na 80. Usukani utakuwa mwepesi, ndiyo, lakini utaanza kusema.

Kuhusu macho nitakuwa mfupi. Pembe ya kutazama ikiwa pana kuliko skrini yako, kona huonekana mbali kuliko ilivyo. Pima upana wa skrini na umbali wa jicho, gawa nusu ya upana kwa umbali, tafuta pembe ya tanjenti hiyo, zidisha kwa mbili. Runinga ya inchi 32 ina upana wa sentimeta 71. Ukikaa sentimeta 70 kutoka kwake, pembe ni digrii 54 kwa upana, sawa na 32 kwa wima. Assetto Corsa huhesabu kwa wima, basi andika 32. Inchi 55 ukiwa umekaa kwenye kochi mita mbili nyuma ni digrii 34 tu kwa upana: umeangalia barabara kupitia tundu la ufunguo. Kwenye kompyuta karibu kila gemu inapokea namba. Konsoli mara nyingi hukupa machaguo machache, hivyo kinachosogezwa ni kiti, si namba.

Tuje kwenye intaneti. Gran Turismo 7 na Forza kila moja inazidi gigabaiti 100. Kwa mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde, gigabaiti 100 ni saa 22 mfululizo, bila umeme kukatika. Lakini upakuaji ni mara moja. Ucheleweshaji ni kila siku. Seva ikiwa Ulaya na majibu yanachukua milisekunde 150, gari la mwenzako lililo kwenye mwendo wa kilometa 180 liko mita saba na nusu mbele ya pale habari zake za mwisho zinaposema. Gemu hulikisia. Kwenye mstari ulionyooka inakisia sawa, lakini mkiingia kona bega kwa bega inakisia vibaya, na magari yanagongana kwenye skrini yako huku kwenye yake kuna nafasi ya mkono. Ndipo pointi 4 za iRacing zinapokuangukia. Waya badala ya Wi-Fi husaidia kupunguza kupanda na kushuka kwa ucheleweshaji huo, lakini hakuna waya wa nyumbani utakaofupisha bahari.

Kwa sababu hiyo, kwa msomaji wa huku kwetu jibu langu la ubishi wa vijiweni si PS wala Xbox: ni rali, kwenye kompyuta ya kawaida. Katika rali gari huondoka peke yake, saa ndiyo mpinzani. Ucheleweshaji wa mtandao hauna pa kukuumiza, matokeo yanatumwa ukimaliza. Na rali ni ya kwetu tangu Coronation Safari ya 1953 ilipozunguka Kenya, Uganda na Tanganyika.

Wanaotaka Safari yenyewe wana EA Sports WRC (WRC ni ubingwa wa dunia wa rali) ya Codemasters, iliyotoka Novemba 2023 kwa PS5, Xbox Series na kompyuta, yenye Safari Rally Kenya ndani. Kabla yake kulikuwa na WRC 9 ya Septemba 2020, iliyoingiza Kenya mwaka ule ule rali yenyewe ilipofutwa kwa sababu ya korona. Mchezaji aliendesha njia za Naivasha, inakokimbiwa Safari ya siku hizi, akiwa kwenye kochi kabla magari ya ubingwa wa dunia hayajarudi mwaka 2021. EA Sports WRC ni nzuri kwa vumbi, na kwa padi inavumilika. Kwa njia za Kenya inua gari, lainisha springi na shokapu upande wa kubana, weka mzunguko wa usukani digrii 540 badala ya 900, na usikate kona ndani: mawe yaliyofichwa kwenye nyasi hupasua tairi kwenye gemu kama Naivasha. Ila mwaka 2025 Codemasters walitangaza kwamba wamefika mwisho wa kuiongezea mambo.

Ilinganishe na Richard Burns Rally ya mwaka 2004. Burns, Mwingereza, alipata ushindi wake wa kwanza wa ubingwa wa dunia kwenye Safari ya 1998 akiwa na Mitsubishi, akairudia 2000 na Subaru, akawa bingwa wa dunia 2001. Alifariki Novemba 2005. Gemu yenye jina lake ilitoka kwa PlayStation 2, Xbox na kompyuta. Zile za konsoli zilikufa na mashine zake. Ya kompyuta ipo hai zaidi ya miaka 20 baadaye, kwa sababu wapenzi waliweza kuifungua: hesabu ya matairi imeandikwa upya, njia zimeongezwa kwa mamia, na kundi la RallySimFans la Hungaria hutoa kifurushi chenye mashindano ya mtandaoni bila malipo. Picha zake ni za zamani, hilo halina ubishi. Lakini gari likipita kwenye tope mikono inajua kabla ya macho, na kompyuta ya ofisini iliyoongezewa kadi ndogo ya picha inaibeba. Sijaona gemu mpya ya konsoli inayoishinda kwa hilo.

Tahadhari moja ya umeme kwa wanunuzi wa mitumba ya Marekani. PS4, PS5 na Xbox Series hupokea volti 100 hadi 240. Xbox One ya kwanza ina boksi la umeme la nje, na lile la Marekani limeandikwa 100–127V. Ukilichomeka kwenye 240 umelizika. Usukani nao, soma kibandiko cha adapta kabla ya kuchomeka: ya G29 hutoa volti 24, na adapta ya laptopu yenye kichwa kinachofanana si mbadala.

Mwisho ni breki ya mkono, ambayo rali haiendi bila yake. Hapa kompyuta inaruhusu kazi ya jua kali. Fundi achomelee mkono wa chuma wa sentimeta 35 unaovuta sensa ya uzito ya aina inayotumika kwenye mizani ya dijitali. Sensa iende kwenye ubao mdogo wa HX711 unaogeuza mvuto kuwa namba, nao uende kwenye Arduino Pro Micro, ubao unaozipeleka namba hizo kwenye kompyuta. Arduino Uno haifai, kwa kuwa Windows haiitambui kama kifaa cha gemu. Waya mwekundu wa sensa kwenye E+ ya HX711, mweusi E-, mweupe A-, kijani A+. Ukivuta na namba ikashuka badala ya kupanda, badilishana mweupe na kijani. Wengi hufika hapo, wakaona gari linachelewa kuzunguka kwenye kona kali, wakaanza kukaza springi. Kosa halipo kwenye chuma. HX711 za bei nafuu hutoka zikiwa zimefungwa kusoma mara 10 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 100. Mguu wa 15 wa chipu ndiyo unaoamua. Uinue kwa ncha ya sindano huku ukiupasha moto kwa kidude cha lehemu, uuunganishe na mguu wa 16 ulio jirani, na usomaji utapanda hadi mara 80.

Msomaji wako,
Mpenzi wa rali,
Dar es Salaam